Kikohozi cha Baba

Mwezi uliopita mtu alikohoa nyuma yangu katika ukumbi mmoja mjini Nakuru, nami bila kugeuka wala kufikiri nikasema, "Pole." Nilisema kwa sauti ya mwalimu, ile inayofika hadi dawati la mwisho. Ukumbi mzima ukanitazama. Tulikuwa walimu wa shule za msingi tulioitwa kwa semina, na kijana aliyekuwa akituelekeza alikuwa amefika katikati ya mada yake: jinsi ya kuwafundisha wanafunzi kumjibu mwenzao anayewaonea. Ukutani alikuwa ameangaza picha ya mtoto mwenye tabasamu, na chini yake maneno makubwa: Simama, Sema, Ondoka. Kijana alinitabasamia kwa adabu akaendelea. Mwenye kikohozi, mwanamume mnene mwenye mafua ya kawaida tu, aliinama akaninong'oneza, "Asante, madam."

Sikuisikia tena semina ile. Kilikuwa kikohozi kikavu, kinachokwaruza kifuani kabla ya kutoka, kama mtu anayeburuta jiwe sakafuni ndipo aliinue. Nilikijua. Nililelewa nacho nyumba moja. Na kwa kuwa wewe unayesoma hatujuani, na huwezi kunihurumia mbele za watu, acha nikueleze.

Tulikaa nje kidogo ya Mai Mahiu, upande unaotazamana na Longonot, mahali ambapo upepo huanza kazi asubuhi na haupumziki hadi jua likitua. Usiku na mchana tulisikia malori yakiukwea mlima kwa kuguna. Karibu zaidi, ng'ambo ya shule, palikuwa na timbo la mawe ya kujengea, shimo pana la kijivu ambamo wanaume walishinda wakichonga mawe kwa nyundo na tindo. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Mawe ya madarasa yetu yalitoka mle mle, na Baba alipenda kusema kwamba kama ukuta wa shule ungeanguka, angeitwa yeye kabla ya mwalimu mkuu.

Alirudi jioni akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu. Alinuka mawe yaliyopondwa, harufu ambayo siwezi kukuelezea ila kwa kusema kwamba hufanana na ardhi ikipata matone ya kwanza ya mvua, lakini bila mvua. Kichwani hakukosa kofia yake ya sufu, rangi ya damu ya mzee, iliyofumwa na Mama. Mimi aliniita Mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Nyambura, na kwetu baba humheshimu binti wa namna hiyo kama mzazi. "Mama, niletee maji," angesema, nami ningemletea karai nikijiona mkubwa kweli.

Kisha angekohoa. Alikohoa alfajiri kabla ya mtu yeyote kuamka, kiasi kwamba jogoo wetu alikuwa mvivu wa kuwika, na Mama alidai ni kwa sababu amenyang'anywa kazi. Majirani walijua wakati kwa kifua cha Baba. Tulicheka, hata yeye alicheka, na kucheka kulimkohoza zaidi.

Sasa, kwetu kama kwenu, mtu akikohoa huambiwa pole. Akijikwaa, pole. Akipita na mzigo, pole, ingawa si wewe uliyemtwika. Na anayeambiwa hana budi kujibu asante, hata kama amekasirika, hata kama jino linamuuma. Ni adabu ya kwanza anayofundishwa mtoto, pengine kabla ya kusimama vizuri. Lakini nyumbani kwetu Baba alitukataza.

"Pole ni ya mgonjwa," alisema. "Mimi si mgonjwa. Hii ni vumbi tu, itatoka."

Basi alipokohoa tuliangalia ugali. Mama aliongeza tangawizi kwenye chai bila kusema ni ya nani. Neno lenyewe lilitujia mdomoni kila mara, nasi tukalimeza.

Nilikuwa darasa la tano siku niliposahau sweta. Asubuhi zile za Julai zilikuwa na baridi ya kukata masikio, na Baba, akiwa njiani kwenda timboni, aliamua kuniletea. Akasimama mlangoni mwa darasa, akavua kofia, akafungua mdomo kumsalimu mwalimu. Kikohozi kikamshika hapo hapo. Kilikuwa kirefu. Alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na kwa mwingine akawa ameninyooshea sweta hewani. Mwishowe aliiweka sweta sakafuni, akainamisha kichwa kwa mwalimu badala ya salamu, akaondoka. Nilimwona akipita dirishani akiwa bado ameinama.

Kesho yake nilisimama kusoma, na Kevo akakohoa.

Kevo alikuwa mtoto wa mama mwenye kibanda cha chai pale malori yanapoegeshwa. Aliweza kuiga chochote: honi za malori, mhubiri wa sokoni, mwalimu mkuu akipenga kamasi. Sidhani alikuwa mbaya. Alikuwa na kipaji, na kipaji hutafuta kazi. Aliiga kikohozi cha Baba tangu ule mkwaruzo wa mwanzo hadi pumzi ya mwisho, na kilichoniuma ni kwamba alikipatia. Nilikuwa nimeshika kitabu, nikageuka kutazama mlangoni, nikidhani Baba amerudi. Hapo ndipo darasa lilipocheka.

Baada ya hapo walikohoa wote. Nikisimama kusoma, wanakohoa. Nikijibu swali, wanakohoa. Nikipita katikati ya madawati kwenda kunoa penseli, kikohozi kinanifuata safu kwa safu. Na kusoma kwa sauti ndiyo ilikuwa furaha yangu shuleni, kwa maana mimi na hesabu tulikuwa hatusalimiani. Nilianza kusema koo linaniuma. Nikaacha kuinua mkono. Kufikia mwisho wa muhula nilikuwa nimejifunza kukaa kwa namna ambayo macho ya mwalimu yanapita juu yako kama juu ya dawati tupu.

Nilishtaki, usidhani sikushtaki. Nilimwendea mwalimu wa zamu. "Wanakukohoa?" aliuliza. "Kwani kukohoa ni makosa? Si baridi ni ya kila mtu?" Walimu wenzake wakacheka, nami nikarudi darasani, ambako habari ilikuwa imenitangulia. Mama nilimwambia nusu tu, kwamba kuna watoto wananisumbua. Akanipa methali: kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikanyamaza, nikaungoja mshindo. Haukuja.

Baba sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba kifua chake ndicho mchezo wa darasa zima? Kwamba kumletea mwanawe sweta kulimponza? Kila jioni aliniuliza, "Mama, leo mlisoma nini?" nami nikamsimulia masomo ambayo sikuyasoma. Katika yote yale nilitaka kitu kimoja tu, nacho ni Baba asijue. Vikohozi ningeweza kuvibeba, lakini nilihofu uso wake siku atakapovisikia.

Muhula uliofuata aliletwa Mwalimu Cherono, kutoka upande wa Molo, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kiume na sweta ya kijani isiyobadilishwa. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa kwao, na Kevo aliweza kukiiga kabla ya mapumziko ya kwanza. Alifundisha methali, maana ukiandika insha bila methali nyakati zile ilikuwa kama kupika bila chumvi. Siku moja aliandika ubaoni: Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Kisha akageuka akanyoosha kidole, na kidole kikanikuta mimi.

Nilisimama. Nikasoma, "Mapenzi ni," nikakwama. Sijui kama umewahi kuliona neno linakungoja ubaoni na huna pa kupitia. Darasa lililipuka kwa kukohoa. Hata wasichana wapole wa dawati la mbele, walioniazima raba kila siku, walikohoa. Nikakaa bila kuruhusiwa.

Mwalimu Cherono hakupiga meza. Aliweka chaki chini, akangoja mpaka kikohozi cha mwisho kikaisha chenyewe.

"Huku kwenu," aliuliza, "mtu akikohoa anaambiwa aje?"

Watoto waliangalia madawati yao.

"Nimeuliza."

"Pole, mwalimu," darasa likasema.

"Na yeye anajibu nini?"

"Asante."

"Sasa darasa mzima imekohoa hapa, na hakuna mtu ameambia mwenzake pole. Nyinyi ni watoto wa nani? Mmelelewa wapi?"

Akatugawa. Upande wa dirishani ukohoe, upande wa mlangoni useme pole, wa dirishani ujibu asante. Kisha tubadilishane. Ilikuwa kama kuitikiana kanisani, na watoto waliona ni mchezo mtamu, wakaufanya kwa moyo. Mimi sikukohoa wala kusema pole. Nilitazama ubao hadi kengele ikalia.

Wakati wa mapumziko aliniita nyuma ya tangi la maji. Hakuniuliza ni nani aliyeanzisha. Hakuniambia wananionea wivu, uongo ule ambao watu wazima huwadanganya nao watoto kwa kuwapenda. Aliniambia nisimame miguu ikiwa imeachana kidogo, kama mtu anayebeba ndoo kichwani. Nivute pumzi. Nimtazame anayekohoa, na kama macho yake ni mazito, nimtazame katikati ya nyusi.

"Usimkate," alisema. "Kikohozi haikatwi. Ngoja iishe. Halafu unasema pole, mara moja tu, na unaendelea na kusoma kwako."

"Basi?"

"Basi. Na usitie pilipili ndani. Ukisema na madharau hiyo ni vita, na wao ni wengi."

Nilifikiri kidogo. "Na kama sitaki kumwambia pole, mwalimu?"

Kutoka ng'ambo ya ua zilisikika nyundo za timboni, moja ikitangulia na nyingine zikifuata. Aliangalia upande ule.

"Basi usimwambie yeye," akasema. "Angalia yeye, lakini ambia yule anakohoa kweli."

Tukafanya mazoezi. Yeye alikohoa, mimi nikasema pole. Alikohoa vibaya sana, kama gari linalokataa kuwaka, nikacheka. "Nilisema pole, sikusema cheka," akanikemea, lakini naye alikuwa akiuma mdomo.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilisimama kusoma, Kevo akakohoa, nami nikasema pole kwa sauti nyembamba kama ya mwanambuzi. Darasa zima likaniigiza: "Poooole." Nikarudi nyuma ya tangi nikilia kamasi zikinitoka. Mwalimu Cherono aliniacha nilie. Hakuwa mtu wa kukumbatia.

"Ulikuwa unaambia nani?" aliuliza baadaye.

"Kevo."

"Ndio maana."

Kwa hiyo mara iliyofuata nilifanya alivyosema. Kevo alikohoa, nami nikamtazama katikati ya nyusi nikamwona Baba, ameshika ukuta wa jikoni alfajiri, mgongo ukipanda na kushuka, na sisi watoto tumelala kwa kujifanya. Nikangoja. Kikohozi kikaisha. Nikasema, "Pole."

"Asante," Kevo akajibu.

Hakukusudia. Lilimtoka kama vile mguu unavyoruka ukigongwa gotini. Mama yake alikuwa mkali wa adabu, na mtoto wa kibanda asiyejibu pole ya mteja alionja mwiko. Darasa zima lilimgeukia. Kisha likacheka, na safari hii aliyechekwa si mimi. Masikio ya Kevo yalikuwa yamegeuka rangi. Hadi tulipofika darasa la nane kuna waliomwita Asante, na lori likipita barabarani utasikia mtu anaita, "Asante, gari la kwenu hilo!"

Usifikiri waliacha siku ile. Waliacha kidogo kidogo, kama mvua inavyoacha, huku tone na kule tone. Wengine walijaribu, nikawaambia pole, na wengine wakajibu asante kabla ya kujizuia, kwa sababu hakuna aliyefundishwa namna ya kuambiwa pole akanyamaza. Wasichana wa dawati la mbele walianza tena kuniazima raba bila kusema lolote. Nikaanza tena kuinua mkono. Nilisoma.

Lakini kuna jambo lililonisumbua hata utotoni, ingawa sikuwa na maneno yake. Kutwa nilikuwa nikimwambia Baba pole, na Baba hakuwa hapo. Jioni alikuwapo, amekaa kwenye stuli yake, akikohoa hadi machozi yanamtoka, nami nilitazama ugali. Pole zote nilizokuwa nazo nilizitumia shuleni.

Mwisho wa mwaka ilikuja siku ya wazazi. Mwalimu Cherono alinichagua nisome insha yangu mbele ya wageni. Ilihusu punda wa jirani yetu, aliyekuwa akibeba maji, ambaye siku moja aligoma katikati ya barabara kuu, malori yakapanga foleni hadi huku kwetu, na madereva, baada ya kumtukana bure, wakaanza kumbembeleza kwa majina ya heshima. Nilikuwa nimemsomea Baba nyumbani. Nilipofika pale dereva mmoja anapomwita punda "mheshimiwa," alicheka mpaka Mama akamshika mabega.

"Nitakuja, Mama," aliniambia. "Hiyo nataka kuisikia na watu wengine wakicheka."

Asubuhi ile nilimwacha akipiga pasi koti lake la harusi kwa pasi ya makaa. Uwanjani niliwatafuta kwa macho. Nilimwona Mama, peke yake, na kiti kitupu kando yake ambacho hatimaye mgeni mwingine alikikalia. Nilisoma. Hakuna aliyekohoa hata mmoja. Watu walicheka pale pa punda, walicheka sana, nami kila walipocheka niliangalia tena lango la shule. Hakuja.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameketi nje bila koti, na Mama anafua kofia yake ya sufu kwenye karai, ingawa haikuwa siku ya kufua. Maji yalikuwa na wekundu. Nikadhani sufu imechuja rangi.

"Kazi ilinishika, Mama," Baba akasema. "Nisamehe."

Nilisema si kitu. Moyoni kilikuwa kitu kikubwa mno. Niliumia kuliko nilivyoumizwa na vikohozi vya darasa zima, kwa maana darasa halikuwa limeniahidi chochote. Yeye mwenyewe hakuniomba nimsomee tena, nami sikujitolea.

Baba alifariki Julai iliyofuata, katika baridi ile ile ya sweta. Daktari alisema ni mapafu, ni vumbi la miaka mingi, kwa sauti ya mtu anayewaambia watu jambo wanalolijua. Mwalimu Cherono alikuja mazishini na viatu vyake vya kiume, akasimama nyuma. Watu walipanga foleni kutupa mkono, na kila mmoja alisema pole. Pole, pole, pole. Nyumba iliyokatazwa neno lile ililetewa lote kwa siku moja. Kevo alikuja na mama yake, akanipa mkono akitazama chini. "Pole, Nyambura," akasema. Nikamjibu asante. Nilidhani tumemalizana.

Nilikua, nikasomea ualimu, nikafundisha kwanza Ndabibi na baadaye hapa Nakuru. Mwalimu Cherono alistaafu akarudi kwao. Mama yuko Mai Mahiu bado, na jogoo mwingine, hodari kuliko yule wa zamani. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikienda kumwona, gari nililopanda likapata pancha, na aliyekuja kuliziba alikuwa Kevo, mikono myeusi hadi viwiko, kitambi kimeanza. Alikuwa na karakana yake kando ya barabara. Tulisalimiana kwa furaha ya kweli. Alipomaliza kazi hakuondoka. Alisimama akijifuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono.

"Nyambu," akasema, "kuna kitu mzee wako aliniambia nisikuambie. Nimekaa nayo sana."

Nikamwambia aseme.

"Ile siku ya wazazi, nilikuwa nimetumwa kwetu nikalete maziwa ya chai ya wageni. Nikapitia nyuma ya shule, pale kwa ua wa minyaa. Nikampata mzee amechuchumaa hapo, na koti poa kabisa. Nikamwambia, mzee, si uingie, viti ziko. Akaniangalia. Akaniuliza, 'Leo wamekohoa?'"

Lori likapita, Kevo akalifuata kwa macho.

"Nikamwambia hapana. Akasema, 'Basi wacha nikae hapa hapa. Nisije nikawaanzishia.'"

Nilishika mlango wa gari.

"Alikuwa anajua," Kevo akasema. "Sijui aliambiwa na nani. Lakini mimi nilikuwa naiga hata pale kibandani, maanake madereva walikuwa wanacheka. Labda alipita akanisikia. Halafu ukafika pale kwa punda, pale anaitwa mheshimiwa. Mzee akacheka. Ikamshika. Akatoa kofia akajaza kwa mdomo, akajaza yote, ndio nyinyi huko msisikie. Mimi niliogopa, Nyambu, kulikuwa na damu. Nikamwambia tu pole. Sikujua kitu ingine ya kusema."

"Akasema nini?"

"Alingoja ikaisha kwanza. Akatoa kofia. Akaniambia asante."

Sikulia pale barabarani. Nililia kwa Mama, na Mama aliponiona hakuuliza ni nini, aliweka tu chai. Alikuwa akijua kuhusu minyaa tangu siku aliyoifua ile kofia. Baba alimwapisha asiniambie.

Nimelifikiria jambo hili miaka yote tangu siku ile, na haya ndiyo niliyoyaelewa, kwa kuchelewa. Nilijitahidi Baba asijue, naye alijitahidi nisijue kwamba anajua, na hivyo tukaketi meza moja kila jioni, kila mmoja akimlinda mwenzake, na katikati yetu ugali. Mimi nilipata mwalimu wa kunifundisha jinsi ya kusimama na la kusema. Baba alionewa kwa kikohozi kile kile, mbele ya madereva wazima waliomcheka, na hakuwa na tangi la kwenda kujificha nyuma yake. Jibu alilolipata peke yake lilikuwa kujiziba mdomo kwa kofia ili mtoto wake asome.

Na pole aliyotukataza sisi, aliipokea kwa Kevo. Kwa muda mrefu hilo liliniuma kuliko yote. Sasa nadhani naelewa. Pole yetu ingemwambia kwamba anakufa. Ya Kevo, mwigaji mwenyewe, ilimwambia kwamba mtoto wake yu salama mle ndani.

Kijana wa semina alipomaliza aliuliza kama kuna mwenye nyongeza. Sikuinua mkono. Simama, Sema, Ondoka ni maneno mazuri, nami nitawafundisha wanafunzi wangu, pamoja na miguu kuachana kidogo na kutazama katikati ya nyusi. Ningesema nini zaidi? Kwamba anayeonewa mara nyingine hayuko darasani, yuko nyuma ya ua amevaa koti la harusi?

Methali ile bado naifundisha. Wahenga walisema hayawezi kufichika, na Baba aliyaficha, kikohozi na mapenzi yote mawili kwa kofia moja, hadi mziba pancha aliponiletea habari. Kila mwaka naiandika ubaoni, nageuka kulitazama darasa ili nieleze maana yake, na kila mwaka sauti hunikwama, koo likakwaruza, nami hulazimika kukohoa kidogo ili niweze kuendelea. Wanafunzi hudhani mwalimu wao hana kifua kizuri.

"Pole, mwalimu," husema, darasa zima.

Nami hungoja kiishe kwanza. Kisha huwajibu asante.